Tuliyemzika Akarudi

Sogeeni karibu, maana sauti yangu leo haivuki zulia. Zebo, binti yangu, acha kunifunika, joto linanitosha. Kaa hapo kando ya dada yako Mavluda, ndiyo, hapo hapo, na usinitazame hivyo, nimesema dada yako na nimemaanisha. Olim, mwanangu, ingia ndani, usisimame barazani na kofia mkononi kana kwamba umekuja kuuliza njia. Davron, msogezee mto. Nigina ananishika mkono anahesabu mapigo yangu kama walivyomfundisha chuo cha uuguzi, mwacheni, anadhani sijui. Na wewe Farrukh, weka begi chini, ndege yako ya Urusi ni ya kesho kutwa, nami nakuhitaji leo.

Ninayo mambo ya kuwausia, na kabla sijafungua mdomo kila mmoja wenu anadhani anajua nitakachosema. Zebo anadhani anajua nyumba inakwenda kwa nani. Majirani nao wanadhani wanajua yatakayotokea hapa uani siku mtakayotoka kunizika. Nimeishi Dehisang tangu nilipoletwa bibi arusi juu ya punda, na nimewaona watu wakitazamia mambo kwa uhakika mkubwa, mimi nikiwa miongoni mwao, na karibu kila mara jambo lilipofika lilikuja na sura nyingine kabisa. Kwa hiyo nitayasema yote tangu mwanzo, hata mliyoyaona kwa macho yenu, kwa sababu Farrukh alikuwa bado ananyonya, na Zebo alikuwa kwa mumewe Panjakent akiletewa habari zetu na watu wanaozipika kabla ya kuzipakua.

Davron alipoondoka kwenda Urusi alikuwa na mke wa mwaka mmoja, na mimba ya Nigina ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuonekana. Vita vilikuwa vimekwisha, baba yenu amekwisha kufariki, shamba la serikali limevunjika, na kila nyumba ya bonde hili ilikuwa imetoa mtu. Siku ya safari mwanangu alisimama pale uani mbele ya majirani, kifua mbele, akasema, "Mama, nikirudi nitaezua paa hili la udongo niweke bati jekundu. Litang'aa mpaka darajani." Watu wakacheka, wakampigapiga mgongo. Mimi nikamwambia kila mwanzo wa mwezi nitashuka posta ya Panjakent, anipigie simu hapo. Nadhani maneno yangu hayo hakuyasikia sawasawa. La bati ndilo alilolibeba.

Mwaka wa kwanza alipiga. Mwaka wa pili alipiga mara moja, simu ikakatika. Kisha kimya. Nikaendelea kushuka na lori la magunia ya viazi, nikikaa kwenye benchi la posta mpaka karani akanizoea, akawa ananiwekea kiti karibu na jiko. Nilitazamia kwamba siku simu ikija nitamgombeza kwanza, halafu ndipo nimwulize kama anakula.

Badala ya simu likaja jeneza. Lilikuja katika theluji, kwa ndege mpaka Dushanbe na kwa lori kuvuka milima, jeneza la bati lililochomelewa pande zote, pamoja na hati za Davron, jina lake, jina la baba yake, siku niliyomzaa. Walisema ameanguka kutoka ghorofa lililokuwa likijengwa. Nilitaka lifunguliwe. Wanaume wakasema, "Usifungue, mama, baki na sura unayoijua." Nikaweka kiganja juu ya bati, lilikuwa baridi mpaka ngozi ikanata, nikangoja.

Nawaambia jambo hili kwa sababu mmekuwa mkisikia tofauti. Watu husema moyo wa mama hujua. Wangu haukujua. Nilimlilia yule aliyekuwa ndani kama mwanangu, kwa kilio cha kweli, kilio kilichonipotezea sauti kwa wiki nzima, na hakuna kitu kifuani mwangu kilichoninong'oneza kwamba ninamlilia mtoto wa mwanamke mwingine. Tukamzika kule kilimani. Tukaweka jiwe lenye jina la Davron. Kila majira ya kuchipua nilipanda kukata majani, na nilipanda mforosadi upande wa kichwani apate kivuli.

Mavluda alikaa nami. Watu walisubiri nimrudishe kwao, kwa kuwa kijana amekufa na mtoto aliyemwacha ni wa kike. Nilipokosa kumrudisha, wakasema basi nitamfanya mtumishi. Ukweli ni kwamba usiku tulilala chumba kimoja, Nigina katikati, na asubuhi aliyeamka kwanza ndiye aliyewasha moto, na mara nyingi hakuwa mimi. Alilia miaka miwili. Baada ya hapo siku moja nilimsikia akiimba zizini anapokamua, akaniona, akanyamaza kwa aibu. Nikamwambia, "Endelea, ng'ombe anapenda." Hapo nikajua wakati umefika.

Olim alikuwa mjane wa kijiji cha juu, mfuga nyuki, mtu wa maneno machache sana, na alikuwa akituletea asali ambayo hatukuagiza. Nilipomwambia Mavluda, alinijia juu. "Mama, unanifukuza?" Nikamwambia, "Simfukuzi mtu. Namleta mtu. Olim atahamia hapa." Maana nilikwisha kumtia Olim kwenye kona, nikamwuliza kama anaweza kuishi nyumba ya mama mkwe asiye wake, akafikiri mpaka nikadhani amelala, kisha akasema, "Mizinga itakaa wapi?" Hiyo ndiyo iliyokuwa posa. Qimmat, jirani wa ng'ambo ya mfereji, alikuja mbio akaniuliza, "Hosiyat, unamwozesha mke wa mwanao kwa mikono yako mwenyewe?" Nikamjibu, "Kwa mikono ya nani basi? Yako ina kazi ya kushikilia pazia la dirisha." Hakunisalimia mpaka sikukuu.

Kwa hiyo wakaoana, akazaliwa Farrukh, na nyumba ikapata sauti tena. Mimi nikadhani hadithi yangu imefika mwisho, iliyobaki ni kuzeeka.

Ilikuwa asubuhi, nimeinama juu ya tanuri uani nabandika mikate, nikasikia lango. Nikainua kichwa. Amesimama mwanangu, mwembamba, mvi kwenye ndevu, amevaa koti ambalo halikushonwa kwa ajili yake. Mnaposimulia kisa hiki kwa watu, mnasema nilizimia. Sikuzimia. Nilikuwa na mikate ndani.

"Mama."

"Naam."

"Ni mimi. Davron."

"Nakuona. Kaa kwenye gogo hilo."

"Siingii ndani?"

"Mikate inaungua. Kaa kwanza."

Nikaitoa mikate mmoja mmoja, nikajichoma hapa, kovu hili. Nilimkalisha nje kwa makusudi, kwa sababu ndani Mavluda alikuwa akimnyonyesha Farrukh, na sikutaka mwanangu ayajue hayo kwa kuyafumania. Nilipomaliza nikaenda nikamshika uso kwa mikono yote miwili, mikono ya unga na majivu, nikamshika masikio, nikamshika kovu la utotoni juu ya nyusi. Furaha ilikuwepo, Mungu ni shahidi. Lakini niliyokuwa nimeiwazia miaka ile ya posta, ile furaha isiyo na kitu kingine ndani yake, haikuwa hiyo. Hii ilikuja imeshikana mkono na hofu, nami niliona hofu ndiyo ya kushughulikiwa kwanza.

Nikamwambia, "Mavluda yuko ndani. Ana mume, anaitwa Olim, ni mtu mwema, na wana mtoto mchanga wa kiume. Binti yako anaitwa Nigina, anamwita Olim baba. Na wewe una kaburi kule kilimani. Nilikuzika. Sasa kula."

Akala. Alikula mkate mzima ananitazama kama mtoto anayetishwa. Halafu akauliza taratibu, "Kaburini yuko nani, mama?"

"Nilitegemea wewe ndiye utakayenieleza."

Nilimpa habari za jeneza na hati. "Ismat," akasema. "Ni Ismat." Akanieleza kwamba Ismat alikuwa kijana wa Khatlon, kusini kwenye pamba, walikuwa wakilala chumba kimoja, wakijenga pamoja. Kibali cha Ismat kilikwisha, angefukuzwa, na Davron alikuwa amepata kazi ya ghalani ambako hawakuuliza hati, basi akamwachia Ismat zake zimfikishe mwisho wa baridi. Kisha yeye akachukuliwa na msimamizi mpaka misituni, mbali, kazi ya kukata mbao, mishahara ya kuahidiwa, na hawakuonana tena. Askari walipomwokota Ismat chini ya ghorofa waliangalia hati. Picha ya kijana mwenye ndevu changa ni picha ya kijana yeyote.

"Na simu?" nikamwuliza. "Hata kama huna hati, ulikuwa na mdomo."

Akainamisha kichwa. "Ningesema nini, mama? Sikuwa na hata bati moja. Kila mwaka nilisema mwaka huu nikipata kitu nitapiga."

"Nani alikuomba bati?"

"Niliahidi mbele ya watu."

"Davron," nikamwambia, "mimi nilikuwa nashuka na lori la viazi kusikia ukikohoa."

Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia, na ndipo Mavluda akatoka mlangoni na mtoto begani. Alimtazama. Akaketi chini palepale kizingitini, akimkinga mtoto kichwa. Mwishowe Mavluda akauliza, "Umekula?" Davron akajibu, "Nimekula." Na kwa siku hiyo ndiyo maneno waliyoweza.

Saa hiyo tayari mapaa ya majirani yalikuwa yamejaa watu, wanajifanya wanaanua aprikoti katika mwezi ambao hakuna aprikoti. Wote walikuwa wanangoja Olim arudi kutoka kwenye mizinga, kwa sababu waliamini kitakachofuata ni kisu. Wapo waliokwisha kwenda kumwita mwenyekiti wa kijiji aje atenganishe. Olim akaja. Akavua wavu wa nyuki, akaelezwa, akaweka mkono kifuani, akasema, "Karibu nyumbani kwako, kaka." Kisha akaingia ndani, akatoka na godoro lake amelikunja begani, na chombo cha kupulizia nyuki moshi mkono wa pili.

"Unakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Kwa dada yangu, mama, mpaka wazee waseme."

"Rudisha godoro. Mzee ni mimi."

Usiku ule Olim na Davron walilala chumba cha wageni, kila mmoja kwenye ukuta wake, na mimi, Mavluda na watoto tukalala huku. Kesho yake akaja Mulla Abdurauf na wazee. Mulla, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa haki, akafungua kitabu akasema wanazuoni wana zaidi ya kauli moja katika jambo la aliyepotea akarudi, na kauli aliyoisomea yeye inampa mume wa kwanza hiari, amtake mkewe au arudishiwe mahari. Wote wakamgeukia Davron. Nikasema, "Mulla, kabla hajajibu, kuna mtu hamjamwuliza." Wazee wakakunja nyuso. Mulla akasema, "Aulizwe."

Mavluda, mwanangu, maneno uliyosema siku ile nimeyabeba mpaka leo. Ulisimama nyuma ya pazia hilo hilo ukasema, "Davron nilimpenda. Nikamlilia, nikamaliza, nikamzika. Siwezi kumfukua. Nikirudishwa kwake nitakuwa nimekaa karibu naye, lakini sitakuwepo."

Watu walitazamia mwanangu atapiga kelele. Mimi mwenyewe, niliyemzaa, nilishika ukingo wa zulia. Akamwambia Mulla, "Aliyonayo huyu mwanamke ameyapata bila mimi. Sina nitakachokuja kudai. Mahari pia sitaki." Akatamka talaka yake mbele ya mashahidi, kwa adabu, bila neno la kuumiza. Mavluda akakaa eda chumbani kwangu, na Olim kweli akaenda kwa dada yake, kila juma analeta asali anaiweka langoni anaondoka, mpaka eda ikaisha tukafunga nikahi upya. Mwanamume ameoa mke yuleyule mara mbili, na mara ya pili alikuwa na aibu zaidi ya mara ya kwanza. Nilipika pilau sufuria kubwa, na wale waliopanda mapaani kuona damu nikawaalika, wakaja wakala. Qimmat alirudia sahani.

Baada ya hapo Davron alipanda kilimani na tindo na nyundo kulifuta jina lake kwenye jiwe. Olim alimfuata bila kuitwa. Nilikuwa nyuma yao na maji ya kunywa, nikasimama mbali. Jiwe lilikuwa likicheza, basi Olim akalikumbatia kulishikilia, na Davron akachonga, herufi moja moja, vumbi likimwingia Olim machoni, naye hakuliachia. Kijiji kilingoja chuma kipite kati ya wanaume hawa wawili, na chuma pekee kilichopita ni kile.

Kisha mwanangu akashuka mpaka Khatlon kumtafuta mama yake Ismat. Nilimwambia nitakwenda naye, akakataa. Mama yule, Tursunoy, alikuwa bado anangoja. Mwanawe alinyamaza kama wangu alivyonyamaza, na yeye alijiambia, kama nilivyokuwa nikijiambia, kwamba simu itakuja. Davron alipomwambia, alichukua koleo la jikoni akampiga nalo begani na mgongoni mpaka mkono ukachoka, na Davron hakujikinga. Halafu akaketi, akamwuliza Ismat alikuwa akila nini huko, na nani alikuwa akimpikia. Davron akamwambia walikuwa wakipika kwa zamu, na Ismat alikuwa anazidisha pilipili. Tursunoy akasema, "Ndiye."

Alikuja kwetu na shuka jeupe la kufungia mifupa amrudishe kwao. Nilimpokea langoni nikiwa na hofu kuliko niliyokuwa nayo kwa wazee na kitabu, kwa sababu mimi nilirudishiwa wangu kwa habari ileile iliyompokonya wake, na nilikuwa na hakika atanichukia, nami nisingekuwa na la kujitetea. Tukapanda kilimani polepole, tumeshikana viuno, vikongwe wawili. Akalitazama kaburi. Akatazama mforosadi.

"Nani anakata majani?"

"Mimi."

"Miaka yote?"

"Nilidhani ni wangu, dada."

"Na ulilia?"

"Nililia kama niliyemzaa."

Akalikunja shuka lake, kona kwa kona, akaliweka kwapani. "Basi hakuzikwa kama mbwa," akasema. "Kila siku nilikuwa nawaza atazikwa kama mbwa. Mwache alale alipozoea." Akakaa kwetu mwezi mzima, tukagombana juu ya chumvi ya pilau, na akawa anakuja kila majira ya kuchipua mpaka alipofariki. Davron naye kila vuli alikwenda kumvunia pamba. Hajaacha hata sasa, anawavunia wajukuu wa Tursunoy.

Maji kidogo, Nigina. Yatosha.

Davron hakuoa tena, na msimwonee huruma. Najua mnachosema jikoni, kwamba bado anamtamani Mavluda. Nilimwuliza mwenyewe. Akacheka, akaniambia, "Mama, nimezoea kulala katikati ya godoro." Paa bado ni la udongo, na aprikoti zetu zinakauka vizuri juu yake. Yeye na Olim wanakwenda pamoja kuhamisha mizinga, wanarudi hawajasemezana maneno kumi, na wote wawili wanasema walikuwa na siku nzuri.

Sasa nakuja kwenye mali. Zebo, usinikatize, mwanangu, pumzi niliyo nayo ni ya kusema mara moja. Sheria inaniruhusu kuusia theluthi kwa mtu asiyenirithi. Theluthi yangu ni ya Mavluda: vyumba hivi vya juu, baraza yake, na mijozi iliyoko kando ya mfereji. Awe navyo kwa jina lake, si kwa hisani ya mtu. Vilivyobaki ni vya Davron na Zebo, vigawanywe na mulla kama Mungu alivyogawa, na ng'ombe mweusi ahesabiwe kwenye fungu la Zebo maana ndiye aliyemnunua akiwa ndama. Davron nilimwambia mwezi uliopita, akasema, "Mama, mimi nilidhani ulikwisha kumpa." Mulla kijana ameandika, mashahidi wapo.

Unasema watu watasema, Zebo. Wamekwisha kusema. Walisema kisu, wakala pilau. Mtakaponitoa hapa watakaa mapaani tena wangoje mumfukuze Mavluda na Olim. Wapelekeeni chai huko huko juu, wasishuke na kiu.

Na lile sanduku. Najua mmekuwa mkilitazama, mkidhani limebeba hereni za dhahabu za bibi yangu. Hereni niliziuza zamani, nilipokuwa na jeneza la kuleta kutoka Dushanbe. Sanduku lina vitambaa nilivyotarizi nikiwa msichana, na vingine vimeliwa na nondo. Zebo, wewe ndiye unayejua kutarizi, ni vyako. Usilie. Ndiyo, sogea. Wewe ndiwe uliyekuja kila Ijumaa na mkate wa siagi ingawa mguu unakuuma, na mimi niliyaona hayo hata nilipokuwa nakusema.

Farrukh. Mjukuu wangu, njoo nikuone. Nilijua utasubiri nikuzuie usiende. Sikuzuii. Baba yako amekupa nauli, mama yako amekushonea koti, nenda. Ila ulisimama jana uani ukawaambia rafiki zako utarudi na gari, nikakusikia kwa dirisha hili. Ukifika huko ukakosa gari, ukakosa kazi, ukakosa hata viatu, piga simu useme, "Mama, sina viatu." Tutakwambia pole na tutakuuliza umekula nini. Hakuna mtu hapa anayengoja gari. Niapie. Sema kwa sauti. Haya, nimesikia.

Davron, usimwache mtoto huyu asindikizwe na baba yake peke yake. Mwende wote wawili mpaka Dushanbe.

Mkinizika, nizikeni mapema kabla jua halijawa kali, karibu na baba yenu. Olim na Davron washike mbele. Msinunue jiwe la bei. Mavluda na Zebo wanioshe, wasiletwe wengine, na msibishane juu ya maji, yawe ya vuguvugu, basi.

Nigina, acha mapigo sasa. Nishike tu mkono.

Nilidhani saa hii itakuwa na kishindo. Niliogopa saa hii maisha yangu yote, nikidhani kuna mahali mtu anavutwa kwa nguvu. Hakuna anayenivuta. Ni uchovu mzuri, kama wa siku ya kuvuna, miguu mizito, na... subiri. Ngojeni nivute pumzi.

Mungu awaweke pamoja. Awape riziki mnayoweza kuibeba. Awape watoto wenye sauti. Mavluda, Mungu akuridhie kama mimi nilivyokuridhia. Davron, nimekuridhia. Zebo. Olim, mwanangu. Wote.

Walituambia mtu akikaribia huwaona waliotangulia wamesimama mlangoni wanamngoja. Nimeutazama mlango ule tangu asubuhi. Sioni... wafu siwaoni. Naona viatu vyenu tu, vimepangwa, vingi... vingi sana.